Milimita 55 huanza kuhesabiwa wapi?

Msomaji mmoja wa Njoro, nje kidogo ya Nakuru, ameniandikia hivi. Nimefupisha:

"Mwalimu, shikamoo. Nina darubini ya lenzi, kipenyo milimita 80, f/6 (urefu wa fokasi ni mara 6 ya kipenyo), pamoja na flatena yake, ile lenzi ya nyuma inayosawazisha picha hadi kona. Miaka yote nimetumia Canon ya zamani na nyota zilikuwa sawa hadi pembeni. Juzi nimenunua kamera ya kupozwa yenye kihisi (chipu inayopokea picha) cha ukubwa wa APS-C, milimita 28 hivi kona hadi kona. Kijitabu cha flatena kinasema kihisi kikae milimita 55 nyuma yake. Nimeunga hivi: flatena, pete ya 16.5, droo ya filta ya 20, kisha kamera, ambayo kijitabu chake kinasema 17.5. Ndani ya droo mna filta yenye unene wa milimita 2. Nyota za katikati ni nukta safi, lakini za kona zote nne zimerefuka kana kwamba zinakimbilia katikati, na kona ya chini kulia imezidi. Nimezungusha fokasa, kile kitasa cha kutafuta ukali wa picha, mbele na nyuma usiku kucha, wapi. Rafiki yangu anasema flatena imeharibika. Ninunue nyingine?"

Marahaba, ndugu yangu. Usinunue. Jumlisha namba zako mwenyewe: 16.5 na 20 ni 36.5, ongeza 17.5, unapata 54. Hapo tayari umepungukiwa milimita moja, na bado hatujaigusa filta, ambayo nayo inakudai 0.7 hivi. Kwa hiyo kihisi chako kimesogea mbele kwa takriban milimita 1.7 kuliko pale flatena inapokitaka, na nyota za kona zinazokimbilia katikati ndiyo dalili yenyewe. Kona ya chini kulia ni kesi nyingine. Tutaifikia.

Kwanza niseme kwa nini fokasa haikukusaidia, maana hili linawachosha wengi. Flatena imefungwa kwenye bomba la fokasa, na kamera imefungwa nyuma ya flatena. Ukizungusha kitasa, vyote viwili vinakwenda pamoja, na umbali kati yao haubadiliki hata kwa unene wa unywele. Unashughulika na umbali wa aina mbili. Kuna ule wa kutoka lenzi kuu hadi kihisi, ambao unautafuta kwa fokasa kila usiku, hata mara kadhaa kwa usiku mmoja baridi ikizidi. Halafu kuna ule wa kutoka flatena hadi kihisi, ambao unafungwa kwa pete mara moja na kuachwa. Ukikosea wa kwanza, nyota zote zinavimba, za katikati na za pembeni. Ukikosea wa pili, katikati panabaki pasafi na kona zinaharibika. Wewe katikati yako ni safi. Fokasa yako haina kosa.

Sasa, milimita 1.7 inawezaje kuleta balaa lote hili? Lenzi kuu ya darubini kama yako haiitengenezi taswira kwenye uso bapa. Inaitengeneza kwenye uso uliopinda kama ndani ya bakuli, mdomo wa bakuli ukielekea lenzi. Kihisi nacho ni bapa kama meza. Kwa darubini ya kawaida ambayo lenzi yake kuu ina vipande viwili vya kioo, nusu kipenyo cha mpindo huo huwa karibu theluthi ya urefu wa fokasi. Yako ina urefu wa milimita 480, yaani 80 mara 6, hivyo nusu kipenyo ni kama 160. Kona za kihisi cha APS-C ziko milimita 14 hivi kutoka katikati. Zidisha 14 kwa 14 upate 196, gawa kwa 320, ambayo ni mara mbili ya 160: taswira ya kona inaangukia milimita 0.6 mbele ya taswira ya katikati. Na kwa f/6, kina ambacho nyota hubaki kali ndani yake ni kama milimita 0.1 tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Bila flatena, ukifokasi katikati, nyota ya kona inatawanyika kuwa duara la milimita 0.1. Kamera nyingi za aina uliyonunua zina pikseli za mikroni 3.76, kwa hiyo hiyo ni nyota yenye upana wa pikseli 27 mahali palipotakiwa nukta.

Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa kihisi kidogo cha mraba, kile cha milimita 11.3 kila upande, kona zake ziko milimita 8 tu kutoka katikati na kosa linashuka hadi 0.2. Ndiyo maana utawakuta watu wanaoapa kwamba mambo haya ya umbali ni kelele tupu. Kihisi chao kimewaficha.

Kazi ya flatena ni kuukunjua mpindo ule. Lakini inaukunjua sawasawa kwa umbali mmoja tu uliopangwa na mbunifu wake. Kihisi kikiwa karibu mno, miale ya pembeni inakuwa haijamaliza kurekebishwa. Kikiwa mbali mno, imerekebishwa kupita kiasi. Kwa flatena nyingi za darubini za lenzi, hali ya kwanza hurefusha nyota za kona kuelekea katikati, kama miiba ya gurudumu la baiskeli, na ya pili huzirefusha kwa mzunguko, kama zinaizunguka katikati ya picha. Sisemi flatena zote. Zipo chache zenye tabia ya kinyume. Kwa hiyo dalili hii ichukue kama inayokuambia uanzie upande gani, kisha uiache picha yenyewe ithibitishe.

Kwa nini Canon yako haikukusumbua hata siku moja? Kwa sababu hesabu ilishafanywa kabla hujainunua. Kwenye Canon za EF (herufi hizi hutaja aina ya mdomo unaoshika lenzi), kutoka ukingo wa chuma unaoshika lenzi hadi kwenye kihisi ni milimita 44, na ile pete ya T uliyokuwa ukiifunga kati ya kamera na darubini ina milimita 11. Jumla 55. Nikon ya F ni 46.5, na pete yake ina 8.5, 55 tena. Huo ndio umbali wa T2, kiwango cha pete hizo za T, tangu enzi za filamu, na watengenezaji wa flatena waliukuta tayari wakaufuata. Kamera zisizo na kioo cha ndani ni fupi zaidi, kwa mfano Sony ya E ina 18 na Canon ya RF ina 20, lakini pete zao za T zimerefushwa kufidia. Mwenye kamera ya kupozwa ndiye anayepewa vipande mkononi na kuambiwa ajumlishe mwenyewe. Kamera nyingi za 17.5 huja na pete mbili kwenye boksi, ya 16.5 na ya 21. Zote tatu zinatimiza 55 kamili. Nadhani wewe uliitoa ile ya 21 ukaweka droo ya 20 mahali pake, ukaona ni mamoja. Milimita iliyopotea iko hapo.

Sasa niingie kwenye kupima, kwa sababu hata jumla ikisoma 55 kwenye karatasi, chuma kinaweza kusema jingine. Milimita 55 hazianzii kwenye kioo cha flatena. Hazianzii kwenye ncha ya nyuzi za skrubu pia. Zinaanzia kwenye bega, yaani ule uso bapa wa chuma ambapo pete inayofuata inakutana na flatena na kugota. Nyuzi zinazojitokeza baada ya bega zitazama ndani ya pete inayofuata, kwa hiyo hazihesabiwi. Vivyo hivyo kwa kila pete: pima kutoka bega lake hadi ukingo wa upande wa pili. Chukua pete ile ya 16.5, iweke mezani upande wa jike ukiwa chini, halafu shusha kijiti cha kina cha kalipa (kifaa cha kupimia chenye meno mawili) kutoka kwenye bega hadi mezani. Ukiipima kwa kuibana kati ya meno ya kalipa kutoka ncha hadi ncha, utasoma 19 au 20 na kudhani umepigwa na muuzaji, kumbe umepima na nyuzi. Kalipa ya dijitali ya bei ya chini inatosha. Tunatafuta sehemu ya kumi ya milimita. Ukimaliza vipande kimoja kimoja, funga mnyororo wote bila kamera na upime jumla, kwa sababu pete isiyogota vizuri hujificha ndani ya jumla. Droo za filta ndizo za kuangalia zaidi. Adapta ya upande mmoja mara nyingi huongeza milimita moja au mbili ambazo hazikuandikwa popote.

Na usome mchoro wa flatena yako, usikomee kwenye sentensi moja ya kijitabu. Wapo watengenezaji wanaohesabu kutoka bega la M48 (nyuzi za skrubu za kipenyo cha milimita 48) na wanaohesabu kutoka bega la M42 (za milimita 42) kwenye flatena ile ile, na mabega hayo mawili hayako mahali pamoja.

Filta. Mwanga ukipita kwenye kioo bapa, sehemu unakokutania husogea nyuma kwa unene wa kioo ukizidishwa na (1 − 1/n), ambapo n ni kipimo cha jinsi kioo hicho kinavyopinda mwanga. Kioo cha kawaida kina n ya kama 1.5, kwa hiyo chukua theluthi ya unene na umefika. Filta yako ya milimita 2 inasogeza mambo nyuma kwa karibu 0.67. Ya milimita 3 ingesogeza 1. Kihisi kinatakiwa kufuata huko nyuma, hivyo unaongeza theluthi hiyo kwenye 55. Huitoi. Nimewaona watu wazima, mainjinia, wakiitoa, kwa sababu wanawaza kwamba filta "imechukua nafasi". Haichukui nafasi yoyote. Droo ndiyo inayochukua, na ya droo ulishaihesabu. Filta inapokaa mbele ya flatena, kwa mfano kwenye pua ya flatena upande wa lenzi kuu, haigusi hesabu hii kabisa, itabadilisha fokasi tu. Kinachohesabiwa ni kioo kilichoko kati ya flatena na kihisi.

Kioo cha dirisha la kamera yenyewe, kile kinacholinda chumba cha ubaridi, nacho ni kioo. Baadhi ya watengenezaji wamekihesabu ndani ya 17.5 na wengine hawakukihesabu. Hapo ndipo mahesabu ya mezani yanapofika mwisho. Lengo lako la kuanzia liwe 55.7, ukijua kwamba pahali pazuri panaweza kuwa popote kati ya 55 na 56.5. Kwa f/6 na kihisi chako, kosa la nusu milimita huenda usilione hata ukilitafuta. Kosa la 1.7 utaliona bila miwani.

Unachohitaji kwa usiku wa majaribio ni pete nyembamba: za 0.3, 0.5 na 1. Zinauzwa kwa seti, za plastiki au chuma, hazina nyuzi. Zinavaliwa tu juu ya nyuzi za dume na kukaa kati ya mabega mawili. Kama seti haijafika, kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76 kwa kiwango cha kimataifa, jambo ambalo kwako ni kama zawadi. Upana wake ni milimita 54, kwa hiyo pete ya M48 yenye shimo la 48 na ukingo wa nje wa 53 inapatikana, ingawa inabaki nyembamba na inataka mkasi wa polepole. Kata sehemu isiyo na namba zilizovimba wala chipu, kisha sugua kingo kwa msasa laini hadi zisiwe na kinundu. Ya kujaribia inatosha. Usiiache humo mwaka mzima, kwa kuwa plastiki ikikazwa na kulegea kila siku hubonyea upande mmoja, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Pete ya 1 na kadi ya 0.76 usiziweke kwenye kiungo kimoja. Nyuzi za dume kwenye adapta hizi ni fupi, mara nyingi milimita 3 hadi 5, na ukizila karibu mbili, kamera inabaki imeshikwa na mizunguko michache tu ya nyuzi. Weka moja kati ya flatena na pete ya 16.5, nyingine kati ya droo na kamera.

Usiku wenyewe uchague vizuri. Nakuru Januari na Februari ndiyo miezi ya anga kavu kuliko mingine. Toa darubini nje mapema ipoe, maana baridi ya Njoro husogeza fokasi sana saa ya kwanza na ya pili baada ya jua kutua. Elekeza mahali penye nyota nyingi ndogo zilizojaa uga wote (eneo zima la picha), juu ya kichwa, ambapo hewa ni nyembamba na fokasa haining'inizi kamera kwa upande. Januari, ukanda wa Njia Nyeupe ulio mashariki ya Orioni unafaa kabisa. Juni hadi Agosti, mawingu yakikuruhusu, kati ya Nge na Mshale. Kilimia kiache kwa leo. Nyota zake kubwa zina mng'ao unaodanganya jicho, na uga unaozizunguka una nyota chache kwenye kona.

Piga picha za sekunde 10 hadi 20, tatu au nne kwa kila umbali. Fokasi upya katikati kila unapobadilisha pete, bila kuruka, kwa sababu pete imekisogeza kihisi. Badilisha kwa nusu milimita au moja, na usiache kubadilisha hadi uipite shabaha: nyota za kona zikianza kuzunguka badala ya kukimbilia katikati, umevuka. Rudi nusu ya hatua ya mwisho. Ukiishia njiani kwa sababu picha "inaonekana nzuri", hutajua kama uko mwanzoni mwa eneo zuri au katikati yake, na usiku wa baridi utakutoa nje. Programu ya bure kama ASTAP itakupimia upana wa nyota katika kila kona na kukuonyesha kwa namba. Siril nayo ina zana ya kukagua mwinamo wa kihisi. Lakini zitazame pia kwa jicho, kwa asilimia 200, kwa sababu namba ya upana haikuambii nyota imerefukia wapi.

Pete badilisha mdomo wa darubini ukiwa umeinamishwa chini, kwa taa nyekundu hafifu. Huko Njoro tatizo ni vumbi. Sisi huku Kisumu, wale wadudu wa ziwa wakinusa mwanga wa kompyuta wanajaa hadi ndani ya fokasa, na ukiwafungulia kamera saa mbili usiku watakulalia kwenye dirisha la kihisi. Na usiku tunaoutaka sisi, usio na mwezi, ndio huo huo wavuvi wa omena wanaoutaka, kwa hiyo upeo wa macho wa upande wa ziwa umejaa taa kama mji mwingine. Juu kichwani hazituzuii.

Kuna mtego mmoja wa watu wa Ikweta, na vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikutajii. Nakuru iko latitudo 0.3 kusini, Kisumu 0.1. Ncha zote mbili za anga ziko kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima, nyumba na ukungu. Nyota ya Kaskazini ya kulenga hatuna, na maunti nyingi (vitako vinavyozungusha darubini kufuata nyota, mhimili wake ukilenga ncha ya anga) hazipendi kulazwa hivyo. Baadhi fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi kabla ya kufika. Matokeo yake wengi wetu tunafanya kazi na mhimili usiolenga vizuri, tukitegemea kamera ya kuongoza iturekebishie. Kamera ya kuongoza inaishikilia nyota moja, na uga uliobaki unazunguka polepole kuizunguka nyota hiyo. Kwenye picha ya dakika tano, kona zinatoa nyota zilizopinda kwa mzunguko, na mtu anaapa kihisi kiko mbali mno. Anaanza kupunguza pete zilizokuwa sahihi.

Kutofautisha ni rahisi. Kosa la umbali liko pale pale kwenye picha ya sekunde 10 na ya dakika tano. Mzunguko wa uga unakua kadiri unavyoacha kamera wazi, na kwenye sekunde 10 unakaribia kutoweka. Nyota zikirefuka zote upande mmoja, za katikati zikiwemo, hilo ni maunti au upepo, flatena haihusiki. Wewe umesema nyota zako zinakimbilia katikati na katikati pamebaki pasafi, kwa hiyo sidhani uko kwenye mtego huu. Ila hukuniambia picha zako zilikuwa za muda gani, na kwa hiyo nasisitiza zile sekunde 10 hadi 20.

Sasa kona yako ya chini kulia. Kosa la umbali halina upendeleo: linaharibu kona nne kwa kiasi kimoja. Kona moja ikizidi, na hasa kona ya pili iliyo mkabala nayo ikiwa na sura tofauti, kihisi hakikukaa wima mbele ya mwanga. Kimeinama. Rekebisha umbali kwanza, kwa sababu ukiwa umekosa 1.7 huwezi kujua mwinamo wako ni mkubwa kiasi gani. Nusu yake huenda ikapotea yenyewe. Kisha legeza kiungo kilicho nyuma ya flatena, zungusha kamera digrii 90, kaza, piga tena. Kona mbaya ikibaki ile ile ya chini kulia kwenye picha, kosa linazunguka na kamera: liko kwenye kamera, droo au pete ulizozungusha nazo. Ikihamia kona nyingine, kosa liko mbele ya mahali ulipozungushia, yaani flatena, fokasa au lenzi kuu.

Dau langu liko kwenye droo, au kwenye fokasa. Tazama kama kamera yako inashikwa na skrubu moja inayobana pua ya inchi mbili kutoka ubavuni. Skrubu moja inasukuma kila kitu upande mmoja, na kamera ya kupozwa ni nzito kuliko Canon yako. Kiungo cha kuzungushia nyuzi mwanzo hadi mwisho kinaondoa shida hiyo. Kagua pia skrubu ndogo za fokasa, maana barabara zetu zinalegeza kila kitu, na darubini iliyopanda mlima Menengai nyuma ya boda haishuki kama ilivyopanda. Ukiyakosa hayo yote, kuna kurekebisha kwa kipande chembamba: bati la kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1. Kipande chake, kikiwekwa upande mmoja wa kiungo chenye upana wa milimita 60, kinainua kihisi cha milimita 28 kwa 0.05 kutoka kona hadi kona, ambayo ni nusu ya kina chako chote cha fokasi. Kwa hiyo anza na tabaka moja. Kamera nyingine zina bamba la mwinamo lenye skrubu za kusukuma na kuvuta. Kama yako inalo, bati haina haja.

Maneno machache kwa wale watakaosoma jibu hili wakiwa na vifaa tofauti. Mwenye ridyusa (flatena inayofupisha pia urefu wa fokasi) badala ya flatena ana kipimo cha ziada: umbali ukizidi, urefu wa fokasi unafupika zaidi. Ikiwa ridyusa ya 0.8 inatakiwa kushusha 480 hadi 384 na programu ya kutambua uga inakupa 392, huenda kihisi kiko karibu mno. Lakini namba za kiwandani hukadiriwa, usizichukulie kama hukumu. Mwenye darubini ya kioo cha Newton apange vioo vyake kwanza ndipo aguse pete za kirekebishi cha koma (kosa linalozipa nyota za pembeni mkia), la sivyo atazunguka bila kufika. Ridyusa ya f/6.3 ya Celestron kwa darubini za Schmidt-Cassegrain haitaki 55, inataka 105. Na darubini za lenzi nne au tano zenye usawazishaji uliojengwa ndani hazina hesabu hii kwa kiwango hiki, unafokasi tu.

Ukishapata umbali wako, tuseme 55.8, katengenezeshe pete ya kudumu. Fundi wa leith (mashine ya kukereza vyuma) wa jua kali, hapo Nakuru au hapa Kibuye mjini Kisumu, anaweza kukukerezea pete bapa ya alumini isiyo na nyuzi: shimo la ndani 48.2, ukingo wa nje kama 54, unene ule uliopungukiwa, ukigawanywa kwa pete mbili za viungo viwili kama kwenye majaribio. Mpelekee kalipa yako na droo yenyewe, usimpelekee mchoro peke yake, na mwombe nyuso mbili zikatwe bila kuigeuza pete kwenye mashine ikiwezekana, kwa sababu kila anapoigeuza usambamba wa nyuso hizo unapotea. Akijitolea kukutengenezea yenye nyuzi, muulize kwanza kama ana kifaa cha hatua ya 0.75, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine kwa milimita. Wengi wana cha milimita 1, na pete ya M42 ya hatua ya 1 itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye adapta yako, ikwame, na iing'oe nyuzi. Ndani ya shimo apake rangi nyeusi isiyong'aa. Zile nyuso mbili za kukutania asizipake chochote.